Nani Anamwambia Langemo?

Mliokuwa nami wiki jana mnakumbuka niliishia wapi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya ghala la nafaka la Hefta, koti limejaa vumbi la ngano, nikimtazama Curtis Langemo akipeana mikono na wakulima niliowafuata mimi. Alikuwa amefika kabla yangu. Tena.

Kwa aliyetukuta njiani: naitwa Merle Tveit, mfugaji wa ng'ombe, Dakota Kaskazini, na hii ilikuwa mara yangu ya tatu kugombea Ukamishna wa Kilimo wa jimbo zima. Mara ya kwanza niliangushwa na samaki, mara ya pili nikaangushwa na trekta. Mara zote mbili aliyeapishwa ni Langemo.

Samaki ni hivi. Nilisema mbele ya kipaza sauti, nikidhani kimezimwa, kwamba samaki wa magadi, yule wa mababu zetu Wanorwei anayelowekwa kwenye magadi mpaka awe kama jeli, ananuka. Anayetaka kura za Wanorwei wa kwetu hasemi neno hilo hata akiwa usingizini. Na trekta ni kwamba niliingia kwenye gwaride la Viken nikiendesha la rangi nyekundu, na watu wa Viken, kuanzia mchungaji mpaka mchimba kaburi, wanalima na la kijani. Walinipigia makofi ya adabu. Kwetu makofi ya adabu ni salamu za rambirambi.

Kabla sijajiandikisha mara hii, mke wangu Arlys aliweka sharti lake mezani pamoja na kahawa.

"Hii ni ya mwisho, Merle. Ukishinda, nenda. Ukishindwa, unarudi nyumbani na hutoki tena."

"Nimekubali," nikasema.

Nilikubali haraka, kama mtu anayekubali kuongezwa kahawa. Baadaye ndipo nilipoanza kujiuliza ni lipi kati ya hayo mawili analolitaka yeye.

Maana mambo yalikuwa hayaendi sawa. Kila nilikopanga kwenda, Langemo alikuwa ameshafika. Nikienda Hefta, yupo. Nikienda kwenye kifungua kinywa cha wazima moto, yupo, tena ndiye anayegeuza mikate ya maji jikoni huku amevaa aproni. Ratiba yangu sikuiandika popote. Niliisema kwa mdomo tu, tena kwa watu watatu tu.

Wa kwanza ni Duane, shemeji yangu, kaka yake Arlys, anayeongoza kampeni yangu. Wa pili ni Vernon, jirani, mchoraji wa mabango yangu. Wa tatu ni Arlys.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nguo zangu zilikuwa tatu, ikabidi nizikung'ute moja moja.

Jumatatu nikamwambia Duane, "Alhamisi nitakuwa kwenye mnada wa ng'ombe wa Viken. Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani, shemeji? Hakuna anayeniuliza."

Vernon nikamwambia Alhamisi hiyo hiyo nitakuwa kwenye mkahawa wa Lunde. Vernon aliitikia kwa kichwa bila kuacha kupaka rangi. Hiyo ndiyo hotuba yake.

Arlys nikamwambia, "Alhamisi nakwenda Nordby, kwenye chakula cha jioni cha kanisa. Cha samaki wa magadi."

Aliacha kumenya viazi. "Utamla?"

"Nitamla."

"Barabara ya Nordby imeanza kuganda," akasema. "Na wewe ukishika usukani unahutubia." Akarudi kwenye viazi vyake, na mimi nikaona uso wake umebadilika kidogo. Nikauweka uso huo akilini kama ushahidi.

Alhamisi asubuhi nikaenda Viken. Mnada ulikuwa umejaa, ng'ombe wanalia, wanunuzi wametia mikono mifukoni. Langemo hayupo. Nikashukuru Mungu kwa ajili ya Duane, maana kumfukuza kaka wa mke ni kazi.

Lakini palikuwa na jambo pale. Watu walikuwa wema mno. Mzee mmoja aliyeniita mpumbavu mbele ya kadamnasi kwenye uchaguzi uliopita alinishika bega, akasema, "Tunakuwaza, Merle." Halafu akaondoka bila kunitania trekta jekundu. Miaka yote hakuna mtu wa Viken aliyeniacha nipite bila kunitania trekta.

Mchana nikaenda Lunde. Langemo hayupo. Mwenye mkahawa alinipa mkate wa tufaha nisiouomba. Nilipouliza kwa nini, akasema, "Basi tu." Wakulima wa meza ya jirani walikuwa wakiongea vizuri mpaka nilipoingia, kisha wote wakagundua kwamba vikombe vyao vinahitaji kutazamwa. Machale yakanicheza.

Jua likishuka nikaingia Nordby. Kule, kwa asiyejua, huingii ukakaa ukala. Unapewa namba, unakaa kanisani juu kwenye mabenchi ya ibada, unangoja uitwe, ndipo unashuka chumba cha chini kwenye samaki. Hata gavana angengoja. Yangu ilikuwa namba ya mbali, na kanisa lilikuwa limefurika.

Na pale benchi la mbele, kofia gotini, alikuwa amekaa Curtis Langemo.

Nordby nilimwambia mtu mmoja tu chini ya jua. Mtu ninayelala naye kitanda kimoja tangu nilipokuwa na nywele.

Langemo akaniona. Akasimama, akaja moja kwa moja. Watu wakageuka kwenye mabenchi, maana kila mtu anapenda kuona wagombea wawili wakikutana kwenye njia nyembamba.

"Merle," akasema, "chukua namba yangu. Mimi nitangoja na yako."

Kwetu mtu hampi mwenzake namba ya samaki wa magadi. Ndugu wamenuniana miaka kwa sababu ya foleni hiyo.

"Ya nini?" nikamuuliza.

"Ili uwahi kurudi nyumbani."

"Nani amekwambia nataka kuwahi?"

Yule mtu aliyenisaga kwenye mdahalo mara mbili, leo anazungusha kofia mikononi. "Arlys hajambo?" akauliza, kwa sauti ya chini.

"Hajambo. Kwa nini?"

"Msalimie sana. Mwambie tuko naye."

Tuko naye. Nilishuka chini na maneno hayo, nikakaa nayo mezani. Wanawake wenye aproni walinirundikia samaki, viazi, chapati nyembamba za viazi zilizopakwa siagi na sukari. Nikala samaki mzima, akitetemeka kwenye uma, na sikusikia ladha wala harufu. Hapo mjue nilivyokuwa nimeumia.

Mama mmoja akanimiminia kahawa, akanipapasa mkono. "Wewe ni mtu mzuri, Merle," akasema.

"Basi utanipigia kura?"

Alitazama birika. "Tutaona," akasema. Kwetu hakuna anayekuambia hapana usoni. Tutaona ndiyo hapana yenyewe, imevaa nguo za Jumapili.

Njia nzima ya kurudi sikuhutubia. Niliwaza mke wangu na Langemo. Kwamba anampa habari, hilo nilishaliona. Lililonisumbua ni sababu. Je, ni kwa ajili ya lile sharti, nishindwe nirudi nikatie ng'ombe majani? Au kuna jingine? Langemo ana nywele zake zote. Mtu mwenye shaka hachagui aina ya shaka.

Nilipofika Arlys alikuwa ameshalala. Nikamwacha.

Asubuhi, Ijumaa, kabla sijafungua mdomo, Duane aliingia jikoni bila kubisha. Nyuma yake Vernon, ana rangi mpaka kwenye kope.

"Mimi uliniambia Viken," Duane akasema. "Huyu ulimwambia Lunde. Jana umeonekana Viken, Lunde na Nordby. Shemeji, unatuwinda? Sisi ni sungura?"

"Kuna mtu anamwambia Langemo."

"Na ukadhani ni mimi. Mimi niliyesimama kwenye baridi na mabango yenye uso wako. Unajua kazi ya kusimama na uso wako?"

"Si wewe," nikasema. "Nimeshajua si wewe. Wala si Vernon."

Vernon alikubali kwa kichwa. Duane alifikiri kidogo. Nikaona anahesabu waliobaki, na alipofika mwisho wa hesabu akawa mwekundu.

"Unamshuku dada yangu. Arlys. Wewe unamshuku Arlys, na hali yake hii."

"Hali gani?"

Vernon alianza kubandua rangi kwenye kucha.

"Hali ya kuolewa na wewe," Duane akasema. Akavaa kofia. "Tafuta mtu mwingine wa kushika uso wako." Akatoka, akaubamiza mlango, na Vernon akatoka nyuma yake, akaufunga tena polepole.

Hivyo ndivyo nilivyopoteza kampeni nzima kabla ya kahawa, siku nne kabla ya kura.

Arlys alikuwa amesimama mlangoni pa chumba, amevaa sweta langu la zamani. Alikuwa amesikia yote. Nikaona amekonda, nikasema moyoni ndivyo dhamira inavyokula mtu.

"Uliza," akasema.

"Nordby nilikwambia wewe tu."

"Ndiyo."

"Langemo alikuwepo."

"Aha."

"Usiniambie aha, Arlys. Unaongea naye?"

"Langemo? Sijawahi kuongea naye isipokuwa siku ile alipokushinda, nikampongeza kwa sababu wewe ulikuwa umejificha kwenye gari." Akavuta kiti, akakaa taratibu. "Hakuna mtu niliyemwambia. Nilipeleka kwenye mnyororo tu."

Nikakaa na mimi.

Mnyororo wa maombi ninaujua, ingawa sisi wanaume hatuna kazi nao. Mama mmoja ana jambo, anampigia mwenzake, huyo anampigia anayemfuata, na hivyo hivyo kanisa kwa kanisa, mpaka wanawake wa nusu ya jimbo wanaombea goti lako linalouma. Wa mwisho akishaupata ujumbe, anampigia aliyeuanzisha, anaurudia neno kwa neno, ili ijulikane haukupindishwa njiani. Ni mtindo wa zamani na hakuna simu ya serikali inayoufikia kwa kasi.

"Ulipeleka nini?" nikauliza.

"Safari zako. Kila wiki. Merle atakuwa Hefta Jumanne, Merle atakuwa kwa wazima moto Jumamosi, Merle atakuwa Nordby Alhamisi na barabara imeganda, mwombeeni." Alisema bila haya hata kidogo. "Unadhani umefika salama kote huko kwa ujuzi wako wa kuendesha?"

"Na kwenye mnyororo huo yumo nani?"

Alianza kuwataja mmoja mmoja kwa miji yao. Alipofika Viken alisita. Mkono ukapanda mdomoni.

"Ottilie," akasema.

"Ottilie nani?"

"Ottilie Langemo. Mama yake."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika meza. Wiki nzima nimewatega watu wangu kama mbweha, nimemfukuza Duane, nimemvisha mke wangu kila dhambi, kumbe nimeuzwa na wanawake waliopiga magoti. Mama mzee anamwambia mwanawe, mwombee yule maskini, kesho atakuwa Hefta. Na mwanawe anamwombea, kisha anawasha gari.

Arlys naye alicheka, lakini kidogo, akishika ubavu.

"Nisamehe," nikamwambia. "Nilifikiri unataka nishindwe."

Aliinuka, akavaa buti. "Ndama hawajanyonya," akasema. Aliponipita alinibusu kwenye upara, akachukua ndoo, akatoka.

Nikabaki peke yangu na roho nyeupe. Nilikuwa nimepata mke wangu tena. Dirishani niliuona uwanja, na bango langu la mwisho, uso wangu na maneno TVEIT NI WETU, limeinamishwa na upepo. Nikawaza nitampigia Duane, nitamwomba radhi, Jumanne tutashinda hata kwa kura moja.

Simu ya ukutani ikalia. Nikanyanyua.

"Arlys, mama, ni Gudrun," sauti ikasema kabla sijatamka kitu.

Gudrun Hjelle namfahamu tangu utoto wangu. Alinifundisha shule ya Jumapili, na masikio yake yamemtangulia kuaga dunia.

"Gudrun, mimi ni Mer—"

"Usiniambie kitu, sisikii, acha nimalize nisije nikasahau. Mnyororo umefika kwangu, mimi ndiye wa mwisho. Umenifikia hivi." Akakohoa, akaanza kusoma kwa sauti ile ya shule ya Jumapili. "Siku imepatikana. Arlys wetu atapasuliwa titi Jumatano asubuhi. Tuombe daktari autoe uvimbe wote. Mumewe hajui, atamwambia Jumanne usiku baada ya kura, kwa hiyo akina mama tufunge midomo, na waume zetu tuwafunge ya kwao. Na tuendelee kuomba lile la kwanza."

Akageuza karatasi. Nikasikia pumzi yake.

"Kwamba Merle ashindwe," Gudrun akasema, "arudi nyumbani amshike mkono."

Akasema amina. Akasema na yeye mwenyewe ameomba kwa bidii sana juu ya hilo la mwisho, na anaona litafanikiwa. Akakata.

Nilibaki na simu sikioni. Mzee wa Viken, mkate wa tufaha, namba ya Langemo, yule mama na birika lake, vyote vilipita mbele yangu upya. Nusu ya jimbo ilijua. Langemo alijua. Watu wale wote walinipapasa mkono huku wakiomba Mungu nianguke, na walifanya hivyo kwa upendo. Nilikuwa nimemwangalia mke wangu usoni wiki nzima nikitafuta usaliti, nikaona kukonda kwake, nikaona anavyokaa taratibu, nikaona anavyoshika ubavu, na sikuona kitu. Niliona aibu kubwa kuliko ya samaki na trekta kwa pamoja. Na chini ya aibu palikuwa na hofu, na hofu hiyo haikuwa na habari na uchaguzi.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Arlys aliingia na ndoo tupu, theluji ya kwanza ikiwa kwenye nywele zake. Akaniona nimesimama na simu.

"Nani huyo?" akauliza.

Ningeweza kusema wamekosea namba. Ningeweza kumwachia mpango wake mpaka Jumanne, alivyoupanga, aibebe siri yake siku nne zaidi akidhani mimi ni mjinga yule yule. Au ningeweza kusema, na kumnyang'anya siri yake.

"Gudrun," nikasema. "Anasema mnyororo umefika mwisho."

Arlys hakuweka ndoo chini. Aliuchunguza uso wangu kama nilivyouchunguza wake.

"Umefika mzima, neno kwa neno?" akaniuliza.